Jiwe la Mama na Mti wa Kijivu

Fenwick
11 Februari 1816

Baba mpendwa,

Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka tangu utotoni: shoka likiingia kwenye mti mbichi, mara tatu, na mlima wa ng'ambo ukijibu mara tatu, kama vile huko nako kulikuwa na mtu mwenye binti na mti wa kuchanja.

Nisamehe kwa kutanguliza shoka mbele ya salamu. Hujambo, Baba? Goti linasemaje? Shangazi Zilpah bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima wa mwili. Shule ina wasichana kumi na tisa msimu huu, na theluji imetufungia ndani siku ya nne sasa.

Aliyeniamshia mlio huo ni fundi anayechonga nguzo za ua jirani na darasa. Nilikuwa nasoma imla, nikanyamaza katikati ya sentensi. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, tuweke nukta au mkato?" Lakini mimi sikuwa Fenwick tena. Nilikuwa Bonde la Pruett, chini ya Mti wa Kijivu, pale Kijito cha Paa kinapoingia mtoni. Ulichanja mti mara tatu, ukaniita, ukanigeuzia uso kwenye zile chanjo, kisha ukanizaba kofi ambalo shavu linalijua mpaka leo. Ukasema, "Hapa ndipo pembe ya ardhi yetu. Sasa hutasahau."

Sikulaumu. Kila mtoto wa bonde letu alizabwa kofi kwenye mti wa pembe, kwa kuwa karatasi huungua na wazee hufa, lakini mahali alipolizwa mtoto hapamtoki maisha yake yote. Ninachouliza ni kilichofuata. Nakumbuka nilipanda mlima peke yangu, nikakaa juu ya jiwe la Mama, lile la kaburini pake, nikingoja mtu aje. Hakuja mtu. Je, Mama alikuwa amekwisha kufa? Najua alizikwa Februari ya 1795, lakini sijui mimi nilizabwa kofi mwaka gani. Sina kumbukumbu hata moja ya uso wake, Baba. Nina jiwe tu.

Niandikie, hata mistari miwili.

Binti yako,
Keturah


Bonde la Pruett
24 Machi 1816

Mwanangu Ketu,

Barua yako ilifika imelowa, imekunjwa ndani ya kofia ya mchukuzi, lakini imesomeka. Sisi hatujambo. Goti langu ni lile lile; linatabiri theluji vizuri kuliko mhubiri anavyotabiri moto. Shangazi yako anakohoa, na akimaliza kukohoa ananisema, kwa hiyo najua yu mzima. Tumekula maharage yaliyokaushwa kwenye uzi mpaka hata mbwa anageuza uso.

Sasa nisikilize, mama yangu. Mlio huo amekutia Mungu masikioni, tena kwa wakati wake. Amekuja bwana mmoja, Thaddeus Crewe, na karatasi inayosema bonde lote ni la kampuni yake, eti wapimaji wake walipita hapa na mnyororo wa kupimia ardhi Juni ya 1795. Nyumba kumi na mbili, Ketu. Nikamwambia, "Bwana, mimi nilichanja mti hapa Machi ya 1793, nikiwa na mke na mtoto." Akacheka. "Vizuri, mzee. Basi mti na useme."

Mahakama ya Fenwick itakaa Agosti kusikiliza mashahidi. Baadaye watakuja kukata kipande cha Mti wa Kijivu, palepale penye chanjo, wahesabu pete zilizoota juu ya kidonda. Kila mwaka pete moja. Zikiwa ishirini na mbili au zaidi, sisi tulimtangulia. Zikipungua, tufunge mizigo. Lakini pete za mti ule ni nyembamba kama nywele, na wahesabuji wawili hawajawahi kukubaliana tangu dunia iumbwe. Wakibishana, neno la shahidi ndilo litakaloamua. Shahidi ni wewe. Ni kwa ajili ya siku kama hii watoto huzabwa makofi.

Na lile ulilouliza: mama yako alikuwa hai. Ilikuwa ile Machi tuliyofika, wewe una miaka minne. Lile jiwe lilikuwapo tangu mlima uumbwe. Alipenda kukaa juu yake akishona, ndiyo sababu tulimzika pale pale. Siku ile alikufuata mbio, akakubeba, akakutia kipande cha sukari ya utomvu wa mti mdomoni. Akaniambia, "Micajah, mkono huo utajuta."

Apa hivyo, mwanangu, nasi tutakaa.

Baba yako


Fenwick
14 Aprili 1816

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo ambao haujatulia tangu Jumatano barua yako ilipofika. Natumaini hamjambo, na kikohozi cha Shangazi kimepungua, ingawa ulimi wake sitaki upungue.

Nitaapa. Hilo lisikukoseshe raha. Nilikwisha kuamua kabla sijafika mwisho wa ukurasa.

Lakini ngoja nikuambie jinsi nilivyoisoma. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi ngazini na kuisoma sehemu moja tu: alikufuata mbio, akakubeba. Miaka yote hii nilidhani niliketi juu ya kaburi, kumbe niliketi kwenye kiti chake! Nimejaribu kuongeza mikono yake kwenye kumbukumbu yangu. Mwanzoni haikukubali, kama mlango uliovimba kwa mvua. Sasa inaanza kufunguka. Juzi nilihisi utamu wa sukari ulimini nikiwa natembea barabarani, nikasimama, mtu nyuma yangu akanigonga na kapu.

Nipe zaidi. Alikuwa amevaa nini? Alikuwa akiimba? Alikuwa mrefu kama mimi, au nimerefuka kwa upande wako? Usinionee haya. Nimekaa na jiwe miaka ishirini na mmoja.

Binti yako,
Keturah


Bonde la Pruett
12 Mei 1816

Mwanangu Ketu,

Salamu za hapa ni za baridi. Mwezi wa Mei umeingia na jivu la barafu juu ya majani kila asubuhi. Nimepanda mahindi mara mbili, yakafa mara mbili. Shangazi yako anasema jua limeugua. Nimemwambia alikande kwa dawa yake ya kitunguu.

Alivaa gauni la buluu. Alikuwa mfupi. Alikuwa akiimba, ndiyo, lakini si siku ile.

Niwie radhi, kalamu si shoka, mkono wangu unachoka nayo haraka. Yatosha uliyo nayo. Yashike hivyo hivyo mpaka Agosti, usiyachunguze sana. Na jirani yetu mzee Enos Rader akija huko mjini kuuza ngozi zake, mpe chakula umwache aende. Usimsumbue na mambo ya zamani. Umri umemla kichwa.

Baba yako


Fenwick
9 Juni 1816

Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Hapa theluji ilidondoka juzi, mwezi wa Juni, wasichana wakalia wakidhani ni mwisho wa dunia.

Mzee Enos amekuja. Nilimwona sokoni kabla hajaniona, na nilisikia sauti yake kabla ya kumwona. Aliponiona akapiga kelele: "Ketu wa Micajah! Mbona umekonda kama ufito? Hawakupi nguruwe huku? Wanakulisha vitabu?" Nilimpeleka jikoni shuleni, nikampa mkate wa mahindi na nyama ya moshi, akala kama mtu anayebomoa ghala.

Baba, hakuna kilichomla kichwa. Alinitajia kila nyumba ya bonde kwa mpangilio iliyojengwa, na nani aliezeka vibaya. Sikuwa na nia ya kumchunguza. Nilitaka tu mtu wa kufurahi naye. Nikamwambia, "Nimejua kwamba Mama alipenda kukaa kwenye lile jiwe akishona. Kumbe lilikuwapo tangu mlima uumbwe."

Akaacha kutafuna.

"Tangu mlima uumbwe? Mlima wenyewe ulikuwa mgongo wangu, binti! Lile jiwe nililikokota mimi na maksai wawili, kutoka kijitoni mpaka juu, wiki tuliyomzika mama yako. Theluji magotini. Nikachonga herufi zake na mwaka. Nilivunja patasi mbili. Nani kakuambia lilikuwapo?"

Nikasema nimesahau.

Sasa nimehesabu. Kama niliketi juu ya jiwe, Mama alikuwa chini yake. Kama alikuwa chini yake, hukuchanja Mti wa Kijivu Machi ya 1793. Na tangu Enos aondoke, kumbukumbu imerudi ilivyokuwa, tena na zaidi: majani ya njano yamenishika miguuni, mengi, yamelowa. Machi haina majani, Baba. Ilikuwa vuli, naye alikuwa amekwisha kwenda.

Ungeweza kuniomba uongo waziwazi. Labda ningekataa, labda ningekubali. Ni nyumba kumi na mbili, nami nilizaliwa na bega la kubeba. Lakini wewe ulinipa mama. Nimetembea naye miezi miwili, gauni la buluu na yote. Leo nimemzika tena, na safari hii hakuna aliyekokota jiwe.

Niambie ukweli.

Keturah


Fenwick
8 Julai 1816

Baba,

Hali yako? Wiki nne zimepita. Mchukuzi amekuja mara mbili, na mara zote mbili nimekwenda mwenyewe kumpokea. "Hakuna cha Pruett," anasema, bila hata kutazama mfuko.

Mahakama inakaa tarehe tano Agosti.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Kama ni mgonjwa, Shangazi aandike. Barua yangu ya mwisho ilikuwa kali, nami sifuti neno, lakini sikuiandika ili uninyamazie. Wewe uliyenifundisha kuandika jina langu kwa mkaa kwenye jiwe la jiko, huwezi kuniacha na karatasi tupu.

Binti yako bado,
Keturah


Bonde la Pruett
23 Julai 1816

Mwanangu Ketu,

Si mgonjwa. Sikukasirika. Nilikuwa naona haya, na mtu wa umri wangu akiona haya huenda kupasua kuni. Zimejaa mpaka mlangoni. Shangazi yako ananiuliza kama nategemea mvua ya Nuhu.

Alisoma barua yako kabla sijaificha. Akasema, "Micajah, mtoto wa watu amekuuliza swali. Au unangoja nife ndiyo ujibu?"

Basi sikia. Makofi yalikuwa mawili.

La kwanza ni la Machi ya 1793, na hilo naweza kuliapia mbele ya Mungu. Kulikuwa na mti mweupe mtoni, mkubwa, wenye uvungu ndani. Tulilala humo sisi watatu kabla sijainua nyumba. Huo ndio niliouchanja, nikakuzaba kofi kama baba yangu alivyonifanya mimi. Mama yako alikuja mbio kweli. Alikubeba kweli. Sukari ni kweli, na maneno yake ni kweli, na alininunia siku saba, ananipa chakula ameangalia pembeni. Nilikuongopea mti na mwaka. Mama yako sikukuongopea.

Gauni sikumbuki. Nilisema buluu kwa sababu uliuliza.

Februari ya 1795 alikufa. Aprili mafuriko yakauchukua mti mweupe na mizizi yake, sikuuona tena. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimechoka kusema kwamba kitu kimeondoka. Kisha Juni ile wapimaji wakapita na mnyororo nyuma ya kilima, nami nilipata habari zao Oktoba. Nikaingiwa na hofu. Nilichukua shoka nikauchanja Mti wa Kijivu, mara tatu kama ule wa kwanza, nikakuita. Sikumwita jirani hata mmoja ashuhudie, na hilo ndilo kosa langu, maana mti wa pembe hauchanjwi na mtu mmoja kama mwizi. Nikawaambia wote kwamba ndio wa tangu mwanzo. Waliokuja baadaye walipima mashamba yao kutoka hapo. Kila ua katika bonde hili umeegemea neno langu.

Baada ya kofi nilikuona ukipanda kwenda kwenye jiwe. Nilikuona ukingoja. Nilisimama na shoka sikuja, kwa sababu aliyekuwa akija siku zote ni yeye, na mimi sikujua jinsi ya kuja.

Bado nakuomba useme mti mmoja. Si kwa ajili yangu. Wana wa Rader wana watoto tisa.

Baba yako


Fenwick
6 Agosti 1816

Baba mpendwa,

Salamu zangu kwako na kwa Shangazi, mtu pekee wa ukoo wetu anayejua kusoma barua za watu kwa faida yao. Mimi ni mzima. Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu Juni, na sasa ni asubuhi, fundi wa jirani amemaliza ua wake na kumetulia.

Barua yako ilinifikia siku sita kabla ya mahakama. Sehemu moja nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na si ile ya miti. Ni ile ya kununa siku saba, akikupa chakula ameangalia pembeni. Hiyo huwezi kuwa umeitunga, maana haikupambi. Gauni lako la buluu nakurudishia, sina haja nalo. Mwanamke anayenuna kwa ajili yangu wiki nzima ananitosha, hata kama sina uso wake. Na uvungu wa mti mweupe, watu watatu ndani yake! Kwa nini hukuwahi kuniambia tulilala ndani ya mti?

Uliniomba niseme mti mmoja. Nililifikiria ombi lako kwa heshima yote, nikitembea kutoka shuleni mpaka darajani na kurudi. Nikajiuliza: nikisema ishirini na nne, za tangu 1793, nao wakakata, wakahesabu ishirini na moja, za tangu Oktoba ya 1795, je? Si mti tu utakaokuwa mwongo. Ni wewe, na mimi, na kila Rader atakayefungua kinywa baada yetu. Lakini nikisema mapema, kwa hasara yetu wenyewe, zile watakazozikuta, mti wenyewe utanishuhudia. Mtu akiaminiwa kwa jambo linalomuumiza, huaminiwa kwa mengine.

Na jingine lipo, Baba. Ninyi watu wa shoka mmezoea kutafuta mwaka kwenye mti. Wenye nyumba kumi na wawili mmekaa mnaogopa kipande cha mbao, na hakuna hata mmoja aliyepanda mlima kusoma jiwe. Mama alizikwa Februari. Wapimaji wa bwana Crewe walipita Juni. Enos alichonga mwaka kwenye jiwe akiwa na theluji magotini.

Nilimwandikia Enos. Alikuja kwa miguu, siku mbili, na kofia mpya. Jana asubuhi mimi niliitwa kwanza. Nilieleza mti mweupe kama ulivyonieleza, nikasema wazi kwamba hayo nimeyasikia kwako na kwamba mimi mwenyewe siyakumbuki. Kisha nikaeleza jiwe.

Karani akaweka kalamu chini. "Binti Pruett, kaburi si mpaka."

"Si mpaka," nikasema. "Lakini hakuna anayemzika mkewe mahali asipokaa, kisha akalima kando yake miaka ishirini na mmoja."

Enos akaropoka kutoka nyuma, kabla hajaitwa, "Na patasi ninazo!" Akazitoa mfukoni kweli, vipande vinne vyenye kutu. Amevitunza miaka yote hiyo. Watu walicheka, hakimu akagonga meza, lakini karani alikwisha kuchukua kalamu, na niliona akiandika *Februari 1795*.

Sijui watakavyoamua. Huenda wakakubali jiwe, huenda wasikubali, na watu wakaja mlangoni kwako kuuliza kwa nini nyua zao zimeegemea mti wa Oktoba. Wakija, usiende kupasua kuni. Nitakuwa nimeketi karibu yako. Nimeomba ruhusa shuleni, na nitafika pamoja na wakataji tarehe kumi na tisa. Nataka kusikia shoka likiingia mahali pale tena. Safari hii, likinyamaza, wewe ndiwe utakayepanda mpaka kwenye jiwe, nami nitakuwa pale nakungoja.

Kofi lako lilishika, Baba. Ulitaka shahidi asiyesahau, ukampata. Lile la kwanza nililisahau kwa sababu kulikuwa na mtu wa kulifuta.

Mwishoni bwana Crewe alisimama, vidole gumba vimeingia kwenye kizibao chake. "Hadithi ya kaburi inasikitisha," akasema. "Lakini tulikuja kusikia habari za mti. Huu Mti wa Kijivu, ambao babake anaapa ni wa 1793. Binti aseme, chini ya kiapo, tutakuta pete ngapi?"

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya Kitabu. Nikasema: ishirini na moja.

Binti yako,
Keturah